Mwamba Ngoma Ulingoni

Nina tabia moja ambayo watu wa nyumbani kwangu wameshaizoea, ingawa bado wanaicheka. Kila ninapotazama pambano la ngumi kutoka Uingereza, nazima sauti ya televisheni. Nachukua karatasi na penseli, nachora mistari kumi na miwili, na kila kengele inapolia mwisho wa raundi naandika pointi zangu: kumi kwa aliyeshinda raundi, tisa kwa mwenzake. Pambano likiisha ndipo nairudia mikanda nikiwa nimefungua sauti, na kesho yake nasoma waliyoandika waandishi wa magazeti. Mara nyingi najikuta kama mtu aliyealikwa harusi moja na jirani zake, lakini wakisimulia yaliyotokea inaonekana kila mmoja alikwenda kwake.

Sisemi kwamba waandishi wa ngumi wa Uingereza ni waongo. Kusema hivyo kungekuwa ni kuwaonea. Nchi iliyotoa gazeti la Boxing News tangu mwaka 1909, na iliyomtoa mwandishi kama Hugh McIlvanney, haiwezi kuambiwa haijui kuandika ngumi. McIlvanney alimwandika Johnny Owen, kijana mwembamba wa Wales aliyeangushwa na Lupe Pintor kule Los Angeles mwezi Septemba 1980 na kufariki mwezi Novemba bila kuzinduka, na aliandika kama mtu anayejiuliza kama kazi yake yeye mwenyewe ni halali. Huyo simgombi. Ninaogombana nao ni wale wengi waliokaa safu moja naye na kuamini kwamba kukaa karibu na ulingo kunatosha kumfanya mtu aone sawasawa. Mwamba ngoma huvutia kwake, na anapovuta hahisi kwamba anavuta. Anahisi anaikaza ngoma tu.

Tabia yangu ya kuzima sauti ilianza na filamu ya pambano la zamani sana, la tarehe 16 Machi 1971 pale Wembley. Henry Cooper alikuwa anakaribia miaka 37, kipenzi cha taifa, bingwa wa Uingereza, wa Ulaya na wa Jumuiya ya Madola. Mpinzani wake alikuwa Joe Bugner, kijana aliyetimiza miaka 21 siku tatu tu kabla, mzaliwa wa Hungaria aliyeletwa Uingereza akiwa mtoto baada ya familia yake kukimbia machafuko ya mwaka 1956. Siku zile hapakuwa na majaji watatu. Mwamuzi wa ulingoni alihesabu pointi peke yake, na mwamuzi wa siku hiyo alikuwa Harry Gibbs. Raundi kumi na tano zilipokwisha Gibbs alikwenda moja kwa moja akauinua mkono wa Bugner. Tofauti ilikuwa robo pointi: 73 na robo tatu kwa 73 na nusu.

Mtangazaji wa BBC, Harry Carpenter, alishindwa kujizuia. Akahoji hewani, mbele ya taifa zima, inawezekanaje mtu anyang'anywe mataji yake matatu namna ile. Nilipoitazama filamu ile mara ya kwanza nikiwa nimefungua sauti, nilikubaliana naye kabisa. Niliona mzee anadhulumiwa. Nilipoirudia kimya, na penseli mkononi, ikawa ni pambano la kubanana ambalo mtu mwaminifu angeweza kumpa yeyote kati ya wale wawili. Ngumi za kushoto za Bugner, ambazo mara ya kwanza sikuziona kabisa, zilikuwepo muda wote. Hazikutajwa, kwa hiyo sikuziona. Hapo ndipo nilipotambua kwamba masikio yangu yalikuwa yanayaamuru macho yangu.

Cooper alistaafu usiku uleule, na kwa miaka mingi hakuzungumza na Gibbs. Lakini aliyelipa gharama kubwa zaidi ni Bugner. Kijana huyu hakuiba kitu. Alipigana, akasubiri, akainuliwa mkono. Nchi iliyompokea akiwa mkimbizi haikumsamehe kosa la kumshinda mpendwa wake, na kila alichofanya baadaye kilipimwa kwa mizani ya usiku ule. Alicheza raundi kumi na mbili na Muhammad Ali mwaka 1973 na kumi na tano mwaka 1975, na mara zote mbili akamaliza akiwa amesimama. Kwa bondia mwingine wa Kiingereza hiyo ingekuwa sifa ya kuzikwa nayo. Kwake yeye waandishi waliona woga, eti hakutaka kuhatarisha. Hatimaye akahamia Australia, na huko ndiko alikofariki mwaka 2025.

Ukitaka kujua jinsi kasoro hii inavyoweza kugeuka kuwa historia, rudi nyuma hadi tarehe 18 Juni 1963, pale Cooper huyohuyo alipomwangusha Cassius Clay mwishoni mwa raundi ya nne kwa konde la kushoto. Kengele ikamwokoa Clay. Kwenye kona, kocha wake Angelo Dundee aliona mpasuko mdogo kwenye glovu, akaupanua kwa makusudi na kumwita mwamuzi aje auone. Raundi ya tano Cooper alichanika jicho vibaya na pambano likasimamishwa. Hayo ndiyo yaliyotokea. Yaliyosimuliwa ni kwamba Clay alipewa dakika nzima, wengine wakasema dakika mbili au tatu, za kupumzika wakati glovu nyingine inatafutwa. Filamu ipo. Muda uliozidi ule wa kawaida ni sekunde chache tu, na glovu hata haikubadilishwa. Kilichonishangaza ni kwamba kona ya Clay ilivunja kanuni kweli usiku ule, kwa kumnusisha chumvi ya kuzindua watu, jambo lililokatazwa Uingereza. Malalamiko ya haki yalikuwepo, yakaachwa, yakachukuliwa ya uongo kwa sababu yalisimulika vizuri zaidi. Kwa miongo kadhaa watu wenye saa mkononi na filamu kwenye maktaba zao waliendelea kuandika zile dakika.

Namrudia Carpenter, kwani nampenda, na ni rahisi kumwonea mtu usiyempenda. Tarehe 25 Februari 1989, Las Vegas, Frank Bruno alimtikisa Mike Tyson katika raundi ya kwanza. Carpenter, mtu mzima mwenye heshima zake, alisahau kabisa kwamba anatangaza. Akapiga kelele kumhimiza Frank aingie, amalize. Bruno alisimamishwa raundi ya tano. Waingereza hadi leo wanalikumbuka tukio hilo kwa upendo, na mimi pia lilinichekesha. Bruno na Carpenter walikuwa wamezoeana kiasi kwamba maneno ya Bruno katika mahojiano yao, "unajua ninachomaanisha, Harry", yakawa mzaha wa taifa. Lakini jiulize, ndugu msomaji: mtu huyo angeweza kumwambia msikilizaji kwamba Bruno alikuwa anajikaza mwili mzima kila alipoguswa, na kwamba akiumia alikuwa hajui kushika wala kukimbia? Wapinzani wake waliyajua hayo, wakayatumia. Aliyekuwa na kipaza sauti ndiye aliyekuwa na rafiki.

Najua jibu nitakalopewa, kwani nimepewa mara nyingi barazani. Nitaambiwa michezo ni mapenzi, kwamba hakuna mtu anayetaka kusikiliza ngumi zikitangazwa kama taarifa ya bei za mazao, na kwamba kila taifa hushangilia wake. Ni kweli. Sidai mtu asiye na moyo. Ninachosema ni kwamba watu hawa wanao uwezo wa kuona vizuri, na tunao ushahidi, kwa sababu wakati mwingine wanaona.

Chukua Glasgow, tarehe 26 Februari 2022. Josh Taylor, Mskochi, bingwa asiyepingwa wa uzito wake, alipambana na Jack Catterall, Mwingereza wa mji wa Chorley. Catterall alimwangusha, akaonekana kumzidi sehemu kubwa ya usiku, na Taylor akapewa ushindi na majaji wawili kwa mmoja, mmoja wao akiandika 114 kwa 111. Waandishi karibu wote walisimama wima. Walichambua raundi moja moja, walitaja majina ya majaji, hawakunyamaza, mpaka Bodi ya Ngumi ya Uingereza ikamteremsha daraja yule jaji wa 114. Kazi safi kabisa! Mimi na karatasi yangu tulikubaliana nao. Ila mabondia wote wawili walikuwa wa nyumbani. Hapakuwa na wa kwetu na wa kwao, kwa hiyo macho yalifunguka. Je, angekuwa Catterall ametoka Accra au Guadalajara, tungesoma makala zilezile? Mimi ninaamini tungesoma kwamba bingwa alikuwa na usiku mgumu lakini alionyesha moyo.

Na waamuzi nao wanatupa ushahidi wa upande mwingine. Lennox Lewis alizaliwa London, akaenda Kanada akiwa na miaka 12, akaichukulia Kanada medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1988, na aliporudi kupigana chini ya bendera ya Uingereza alitazamwa kwa muda mrefu kama mgeni mwenye pasipoti. Tarehe 13 Machi 1999, New York, alimshinda Evander Holyfield waziwazi, ikatangazwa sare. Ghafla akawa Mwingereza kamili, aliyeibiwa na Wamarekani. Hasira nyingi zilimwendea jaji wa Kimarekani, Eugenia Williams, aliyempa Holyfield pambano kwa pointi 115 kwa 113, na alistahili. Lakini Stanley Christodoulou wa Afrika Kusini alimpa Lewis ushindi. Aliyeandika 115 kwa 115, na kwa kalamu yake kuuzuia mkanda usiende kwa Lewis, alikuwa Larry O'Connell, Mwingereza. Alikosea, nadhani, lakini hakukosea kwa kuvutia kwake. Gibbs mwaka 1971 na O'Connell mwaka 1999 walikuwa Waingereza kama wale waandishi, waliimba wimbo uleule wa taifa, na bado waliweza kuandika namba inayowaudhi wenzao. Sababu yake siyo kwamba walikuwa malaika. Ni kwamba walitakiwa kuandika kitu raundi hadi raundi, kabla ya kujua mwisho, kisha majina yao yasomwe hadharani. Mwandishi hatakiwi kuandika kitu mpaka amesikia umati.

Hilo ni la moyo. Lipo la tumbo, na ndilo baya zaidi.

Ngumi za Uingereza huonyeshwa na televisheni yenye mkataba na promota. Zamani ilikuwa BBC na mapambano ya Mickey Duff na washirika wake, akiwemo Bruno. Baadaye Sky kwa miaka mingi walikuwa na Matchroom, hadi Matchroom walipohamia DAZN mwaka 2021. Mtangazaji anayekuambia bondia fulani ni nyota wa kesho analipwa na kampuni iliyokwisha kununua mapambano ya nyota huyo. Baada ya Audley Harrison kurudi na dhahabu ya Sydney ya mwaka 2000, BBC wenyewe walimpa mkataba ulioripotiwa kuwa wa pauni milioni moja. Ungetegemea nani pale studio awe wa kwanza kusema kwamba wapinzani anaoletewa ni vibonde? Mwandishi wa gazeti naye hana mkataba, lakini anahitaji kiti karibu na ulingo na dakika kumi na bingwa mazoezini, na yote mawili hutolewa na promota. Akiandika vibaya, mwezi ujao simu haipokelewi. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliojaa haung'atwi. Siku hizi fedha zimehamia Riyadh. Mwezi Novemba 2024 mkuu wa ngumi wa huko, Turki Alalshikh, alilinunua The Ring, gazeti la Kimarekani la tangu 1922 linalotoa mikanda na orodha za ubora. Anayeandaa mapambano ndiye mwenye gazeti linaloyapima. Kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Anayeumia kwa haya si msomaji peke yake. Kwenye kumbi ndogo za Uingereza kila usiku una kona mbili, ya wenyeji na ya wageni, na aliye kona ya wenyeji ndiye aliyeuza tiketi kwa ndugu na marafiki. Wa kona ya wageni amekodiwa. Peter Buckley wa Birmingham alipigana mara 300 hadi mwaka 2008, akashindwa mara 256. Mwamuzi mmoja anahesabu pointi kama enzi za Gibbs, na kesho yake gazeti linaandika mistari miwili kuhusu kijana mwenyeji anayepanda vizuri. Alichofundishwa huyo kijana na Buckley kwa raundi nne, jinsi alivyoyumbishwa na kuachwa asianguke, hakiandikwi. Mabondia wa namna hiyo ndio walimu wa ngumi za Uingereza, na magazeti huwahesabu kama mifuko ya mchanga.

Yapo pia mambo ambayo macho yaliyoshughulika na shujaa hayayaoni kabisa. Usiku wa tarehe 21 Septemba 1991, White Hart Lane, London, Michael Watson alimwangusha Chris Eubank katika raundi ya kumi na moja, na sekunde chache baadaye naye akaangushwa, shingo ikapiga kamba. Raundi ya kumi na mbili ikasimamishwa. Kando ya ulingo hapakuwa na watu wala vifaa vya kumsaidia kupumua pale pale. Alipelekwa hospitali isiyokuwa na upasuaji wa ubongo, ndipo akahamishiwa nyingine. Alikaa siku 40 bila fahamu, akatoka akiwa mlemavu. Aliishitaki Bodi ya Ngumi, akashinda mwaka 1999, na Mahakama ya Rufaa ikauthibitisha ushindi huo mwaka 2000: Bodi ilikuwa na wajibu wa kuhakikisha huduma hiyo ipo, na haikuhakikisha.

Baada ya usiku ule ziliandikwa kurasa nyingi kuhusu kama ngumi zipigwe marufuku au la. Ni swali kubwa, tena tamu kuliandika, kwani halina jibu. Swali dogo, la nani atamwekea mtu bomba la hewa na gari litampeleka wapi, lilihitaji majeruhi aende mahakamani miaka minane. Waandishi walikaa hatua tano kutoka ulingoni kila wiki. Hewa ya oksijeni ni kitu kinachoonekana kwa macho. Daktari anahesabika.

Kwamba wanaweza wakitaka, Daily Mail lilionyesha mwezi Oktoba 2022. Lilichapisha habari kwamba Conor Benn alikuwa amekutwa na chembechembe za dawa iliyokatazwa, siku tatu tu kabla ya pambano lake na Chris Eubank mdogo. Benn alikana wakati wote kwamba alitumia makusudi, na baada ya kesi ndefu akaruhusiwa kurudi ulingoni. Lakini bila gazeti lile, waliokuwa wanajua wangekuwa waandaaji na wakubwa wa ngumi, na mnunuzi wa tiketi angeingia ukumbini gizani. Pambano likafutwa. Hakuna aliyehitaji kupiga kelele wala kuwa mzalendo. Mtu alipata karatasi, akaiamini kuliko promota.

Ninachotaka kwa hiyo ni kidogo mno. Mwandishi aandike pointi zake raundi kwa raundi, azichapishe, zikosewe hadharani. Aseme tiketi ya ndege ililipwa na nani. Mtangazaji aseme mwanzo wa kipindi kampuni yake ina mkataba na kona ipi. Baada ya hapo ampende amtakaye.

Mimi nimejaribu, na haikuwa rahisi. Tarehe 8 Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham kwa taarifa ya muda mfupi kupigwa na Sam Eggington, akampiga yeye, raundi ya pili. Nilipofungua sauti nikasikia habari za Mtanzania asiyejulikana. Asiyejulikana na nani? Tanga walikuwa wanamjua hata watoto wanaouza machungwa. Nilikasirika wiki nzima, nikajiona nimeupata ushahidi wa mwisho.

Tarehe 3 Septemba 2022 akarudi, Liverpool, kupambana na Liam Smith. Nikazima sauti, nikachora mistari. Alipiga goti raundi ya nne, likasimamishwa, na mabishano yakaanza: kule wanasema kakata tamaa, yeye anasema mizigo yake ilipotea safarini na viatu alivyovaa vikamuumiza mguu. Barazani kwetu tulishika viatu siku tatu. Baada ya mwezi hivi nikaitoa ile karatasi nitazame tena mikanda. Raundi ya pili nilikuwa nimempa Mwakinyo, kumi kwa tisa, tena kwa mkandamizo wa penseli. Niliitazama mara mbili, kimya, hapakuwa na mtangazaji wa kumsingizia. Ilikuwa ya Smith. Nikaifuta, na alama ya ile kumi bado inaonekana kwenye karatasi ukiielekeza kwenye mwanga.